Kabla Jirani Hajatundika Kitambaa Cheupe

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, mkoani Kilimanjaro, siku ya kugawana hisa

Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, mama zangu na dada zangu, na kina baba wachache mlioketi karibu na mlango: Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni.

Katibu aliponipigia simu alinipa kazi moja tu, nizungumzie mfuko wa jamii, ule wa kumsaidia mwanachama mwenye shida. Alisema kila mwaka siku ya kugawana ndiyo siku ya manung'uniko. Fulani alifiwa akapewa, fulani alilazwa hakupewa, fulani hana shida yoyote ila mdomo anao. Nikamjibu nitakuja, lakini nitazungumzia mji ulioko upande wa pili wa dunia, ambao wengi wenu hamjawahi hata kuusikia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa dada, mradi usizidishe muda." Kwa hiyo nikizidisha mtamlaumu yeye kwa kunialika.

Mji unaitwa Santiago Atitlán. Uko Guatemala, Amerika ya Kati, chini kidogo ya Meksiko. Niliishi huko nikifanya kazi ya uuguzi, na niseme kweli, mtu aliyezaliwa hapa mlimani hapati tabu kuuelewa mji ule. Kuna ziwa, na kando ya ziwa kuna milima mitatu ya volkano: San Pedro, Tolimán na Atitlán. Mji umekaa upande wa kusini, nyumba zimebanana kwenye mteremko, na juu yake ni mashamba ya kahawa chini ya miti ya kivuli. Asubuhi kuna baridi na moshi wa kuni. Wanaume wanashuka kutoka porini na mizigo ya kuni mgongoni, imeshikiliwa na mkanda uliopita kwenye paji la uso, jinsi bibi wa Kikuyu wanavyobeba, isipokuwa kule ni kazi ya mwanamume. Wenyeji ni Wamaya, kabila la Watz'utujil. Wana lugha yao, na Kihispania ni lugha ya shule na ofisi.

Chakula chao ni mahindi, asubuhi, mchana na jioni. Na mahindi haya tunayosonga ugali, asili yake ni huko huko, Meksiko na Amerika ya Kati. Huko wamekuwa wakiyalima kwa maelfu ya miaka kabla Wareno hawajayaleta pwani yetu. Lakini wao hawasagi yakiwa makavu kama sisi. Jioni mama anabandika sufuria, anachemsha mahindi kwa maji na chokaa, kisha anayaacha usiku kucha. Asubuhi maganda yamelegea, anayaosha mpaka yateleze mkononi, anayapeleka mashineni yakiwa mabichi mabichi, yanatoka donge. Donge hilo analipiga kwa viganja, pa, pa, pa, mpaka liwe duara, analiweka juu ya kikaango kikavu. Ndiyo tortilla. Inaliwa na maharage na chumvi, na siku ya neema kuna dagaa wa ziwani kwenye mchuzi wa nyanya na pilipili, wamefungwa kwenye jani.

Ile chokaa ina kazi kubwa kuliko kulainisha. Mahindi yana vitamini ambayo mwili hauwezi kuichukua mpaka yapikwe namna hiyo. Wazungu walipoyachukua mahindi kwenda nayo Ulaya walibeba mbegu, ujuzi wa akina mama wakauacha. Ndiyo maana maskini wa kaskazini mwa Italia, na baadaye wa kusini mwa Marekani, waliokula mahindi bila kitu kingine, waliugua pelagra, ngozi ikawabanduka na akili ikaruka. Mimi kama nesi nilikuwa nimelisoma hilo chuoni. Nilikwenda kuliona likifanywa na mama asiyejua kusoma.

Sasa niwapeleke mashineni, maana hapo ndipo nilipojifunza habari ya ujirani.

Saa kumi na moja alfajiri mota zinaanza kulia. Kila mitaa michache kuna mashine moja. Akina mama na mabinti wamepanga foleni, kila mmoja na beseni la plastiki kichwani, limefunikwa kwa kitambaa. Mwenye mashine hana haja ya mizani, anatupia jicho beseni na kutaja bei, na bei ni ya sarafu. Wengi wanalipa kwa ile ya senti 25. Sarafu hiyo ina sura ya mwanamke aliyezungushiwa kitambaa kirefu kichwani, na mwanamke yule ni wa mji huo huo, Concepción Ramírez, aliyechaguliwa akiwa binti. Alifariki mwaka 2021. Sura yake imepita kwenye kila mfuko wa Guatemala, naye aliishi maisha ya kawaida kama wale wanaosimama kwenye foleni.

Hebu fikirini: kila siku watu ni wale wale, saa ni ile ile, mabeseni ni yale yale. Kila mwanamke anajua nyumba ya mwenzake inakula kiasi gani. Beseni lililokuwa likija limejaa likianza kuja nusu, habari imeshafika. Hakuna wa kuuliza.

Mama aliyenipangisha chumba alikuwa mtu wa maneno machache. Alfajiri moja nilimfuata mashineni. Mbele yetu alisimama binti wa nyumba ya jirani, ambaye mume wake alikuwa ameanguka kwenye mti akipogoa kivuli cha kahawa, mguu uko kwenye plasta. Mahindi ya binti yalikuwa yamefunika chini ya beseni tu. Mama akafunua la kwake, akachota kwa viganja viwili, akamimina kwenye beseni la binti. Akachota tena. Muda wote huo alikuwa akiongea na mtu mwingine habari ya bei ya nyanya, na hakuikatisha. Binti naye hakugeuka kushukuru, alisogeza beseni kwa sababu foleni ilikuwa imesogea. Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu akapenyeza mkono akafanya vile vile. Binti alipofika kwa mwenye mashine beseni lilikuwa na kitu cha kulisha nyumba, na yule bwana akatoza bei ya beseni dogo, macho yake yakiwa kwenye mota.

Ofisini kwetu tulikuwa na fomu ya kutambua kaya zenye hali ngumu. Ina kurasa nyingi, inauliza paa ni la nini, choo ni cha namna gani, kuku wangapi. Inajazwa mara moja kwa mwaka. Bahati mbaya miguu ya watu haivunjiki kwa ratiba ya fomu.

Wa pili kujua ni mwenye duka. Huko duka la mtaani lina nondo dirishani, na unanunua kupitia nondo: sukari robo, mafuta kwenye kifuko cha nailoni, yai moja, kipande cha sabuni. Mangi wa hapa kwetu angejiona yuko nyumbani. Na daftari la madeni lipo, limechakaa pembe. Mwenye duka mmoja aliniambia kwamba mtu anayekopa sukari hampi wasiwasi. Anayempa wasiwasi ni yule aliyekuwa akikopa sukari, sasa anakopa chumvi peke yake. Sitaki mumfanye malaika, mkopo wake ameshauwekea faida kwenye bei. Lakini anajua, na mara nyingine akimtuma mtoto wake na kifurushi kwenye nyumba fulani, haandiki.

Msiba wao mkiuona mtadhani mko kwenu. Mtu akifa majirani wanakuja na mahindi, sukari, kahawa, mishumaa. Wanawake wanaingia jikoni kufunga tamale, yaani madonge ya mahindi ya kupikwa, kwenye majani, wanaume wanachimba kaburi, na sala zinaendelea usiku tisa. Kuna anayekumbuka nani alileta nini, kwa sababu siku moja kitarudishwa. Ninyi wenye madaftari ya rambirambi mnanielewa, na najua wapo hapa wanaoweza kutaja mchango wa mtu wa mwaka juzi bila kufungua daftari.

Iko pia mila ya zamu. Kuna vyama vya kale vya kidini vinavyoitwa cofradía, kila kimoja kikiwa na mtakatifu wake, naye mtakatifu anakaa nyumbani kwa mtu kwa mwaka mmoja kisha anahamia kwa mwingine. Mwenye zamu anabeba gharama za mishumaa, vinywaji na wageni. Anayejulikana zaidi ni Maximón, sanamu ya mbao yenye kofia, skafu chungu nzima, na sigara mdomoni. Mapadre wengi hawajawahi kumpenda, watalii wanamlipia wapige picha. Mimi niliyatazama yale kwa jicho la kikoba: aliyejaliwa anatwikwa mzigo, na mzigo unampunguza. Wasomi wanabishana kama ni njia ya kusawazisha mali au njia ya kununua heshima. Kwa nilivyoona, ni vyote viwili. Milimani zaidi, Totonicapán, Wamaya wa K'iche' wana mabaraza yao ya vijiji wanayoyaita Cantones 48, na mtu akichaguliwa anatumikia mwaka mzima bila mshahara, analinda msitu na vyanzo vya maji. Anaacha na biashara yake. Huku kwetu mwenyekiti wa mtaa akiambiwa hivyo, sijui tungempata wapi.

Lakini nisiwachoree mji wa watu wema. Kujuana kuna bei yake. Mke wa mlevi anajulikana kuwa mke wa mlevi. Binti aliyepata mimba anasemwa mashineni kabla mama yake hajajua. Walokole na Wakatoliki wana wakati hawasaidiani hata mahindi. Na mgeni aliyehamia kutoka mbali, akapanga chumba pembeni, asiye na nafasi kwenye foleni, huyo anaweza kulala njaa ukutani kwa mwenzake. Ukimuuliza mtu kwa nini, atakwambia, "Simjui." Ni kweli hamjui.

Wala si kwamba Wamaya wamezaliwa na roho ya kusaidiana kuliko watu wengine. Sehemu kubwa walisaidiana kwa sababu hawakuwa na wa kumkimbilia. Guatemala ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli ilikadiria waliouawa au kupotezwa kuwa zaidi ya 200,000, na kati ya wahanga waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Santiago Atitlán ilikuwa na kambi ya jeshi pembeni yake, mahali panapoitwa Panabaj. Watu walichukuliwa usiku. Paroko wao, padre Stanley Rother, mtoto wa mkulima kutoka Oklahoma, Marekani, alikuwa amefika mwaka 1968 na kujifunza lugha ya wenyeji. Jina lake likaingia kwenye orodha ya kuuawa. Akarudi kwao mapema mwaka 1981, hakukaa, akarejea kabla ya Pasaka, na tarehe 28 Julai mwaka huo wakamuua ndani ya nyumba ya mapadre. Mwili ulipelekwa kwao, lakini watu wa mji waliomba moyo wake ubaki, nao ukazikwa pale kanisani. Mwaka 2017 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri.

Mnamo Desemba 1990, baada ya askari waliolewa kusumbua watu usiku, kengele za kanisa zikapigwa. Maelfu ya watu wakatembea gizani kwenda kambini, bila silaha. Jeshi likawafyatulia risasi. Zaidi ya watu 10 walikufa, watoto wakiwamo. Mji ule haukulipiza. Ulikusanya saini, na asiyejua kuandika akaweka dole gumba, maelfu kwa maelfu, wakimtaka rais aliondoe jeshi. Na jeshi likaondoka mwezi ule ule. Ulinzi wa usiku wakaufanya wenyewe kwa zamu, mtaa kwa mtaa. Wazee hapa wanaokumbuka sungusungu hawahitaji maelezo.

Nimeieleza hiyo ili mwelewe kilichotokea miaka 15 baadaye. Oktoba 2005 dhoruba iliyoitwa Stan ilinyesha siku mfululizo. Alfajiri ya tarehe 5 ubavu wa volkano ukaporomoka, tope likashuka na mawe na miti, likafunika Panabaj watu wakiwa wamelala. Mamia walizikwa. Hospitali ndogo iliyokuwa pale, iliyokuwa imefunguliwa upya miezi michache tu kabla, nayo ikajaa tope. Ninyi mliangalia picha za Katesh, Desemba 2023, mlima Hanang' ulipomwaga tope juu ya watu. Ni jambo la namna ile.

Serikali ikatuma jeshi lije lichimbe. Na watu wa Santiago, ndugu zao wakiwa chini ya lile tope, wakasema hapana. Wanajeshi warudi. Watachimba wenyewe. Wakachimba kwa majembe, kwa sepetu, kwa mikono. Nimekutana na watu waliolaumu uamuzi ule, wanasema ni hasira iliyoshinda busara. Nami mwanzoni nilidhani hivyo. Lakini mzee mmoja alinieleza kwamba askari angekuja kumchimba mtoto wake mahali pale pale ambapo askari alimpiga risasi kaka yake. Sikuwa na la kujibu, na hata leo sina. Hatimaye uchimbaji ulisitishwa na eneo likatangazwa kuwa makaburi.

Zile wiki za mwanzo zilikuwa za jirani. Familia zilizookoka ziligawanywa kwenye nyumba za ndugu, shule na makanisa yakafunguliwa, vyungu vikubwa vikabandikwa, na hospitali ikaendelea na kazi mjini kwenye majengo mengine. Hapo ujirani ulifanya kazi ambayo hakuna shirika lingeweza, kwa sababu shirika lilikuwa bado kwenye barabara iliyokatika.

Baada ya hapo ikaja habari ya makazi, na hapo jirani alifika mwisho wa kamba yake. Anaweza kukupa blanketi, anaweza kukupa kona ya kulala, kiwanja hana. Nyumba za kwanza za waathirika zikaanza kujengwa huko huko Panabaj, wataalamu wakaja kusema eneo ni la hatari, tope linaweza kurudi. Ikabidi kutafuta mahali pengine, panaitwa Chuk Muk, na ikachukua miaka. Kilichowasogeza serikalini miaka ile ilikuwa kamati, barua, na watu waliokataa kuchoka kusubiri kwenye viti vya ofisi za mji mkuu.

Nije sasa kwenye kile kitambaa cheupe.

Machi 2020, korona ilipoingia Guatemala, serikali ilisimamisha mabasi yote na kuweka amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi alfajiri. Kwa mwenye mshahara ni likizo. Kwa muuza matunda, dereva wa bajaji, mwenye boti ya watalii, fundi wa kutwa, ni kufungiwa njaa ndani, na watu wa namna hiyo ndio wengi. Baada ya wiki chache vikaanza kuonekana vitambaa vyeupe. Mtu anatundika shuka, fulana, kipande cha mfuko, dirishani au kwenye kijiti kando ya barabara. Maana yake ilikuwa: humu hakuna chakula. Vyekundu vilikuwa vya kuomba dawa. Ilitokea El Salvador pia. Kwenye barabara kuu za kutoka jiji la Guatemala akina mama walisimama na watoto wakipunga kitambaa kila gari lipitapo.

Na watu waliitika, lazima niseme. Kuna baa katikati ya jiji iliyogeuza jiko lake kuwa la kugawa chakula bure, foleni ikazunguka mitaa, na watu wasiofahamiana wakaleta mchele na maharage kila siku. Serikali nayo ikaja na ruzuku, quetzal 1,000, ndiyo fedha ya huko, kwa kaya. Ila mwanzoni waliitambua kaya maskini kwa bili ya umeme: aliyetumia umeme kidogo ndiye maskini. Sasa niambieni, yule ambaye hana mita kabisa? Yule anayechomeka waya kutoka kwa jirani, nyumba tatu bili moja? Maskini kuliko wote hakuonekana kwenye kompyuta, kwa sababu hakuwa maskini wa kiwango cha kupata bili.

Wakati huo nilikuwa nimesharudi nyumbani. Nikamtumia ujumbe mama aliyenipangisha, nikamuuliza kama mtaani kwake vipo vitambaa. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, mota ya mashine ikisikika nyuma yake. Akasema mtaa wao hauna hata kimoja. Nikafurahi mapema. Akaendelea: miezi ya kwanza walifanya kama siku zote, huyu anachota kwa yule. Kisha wenye boti wakakosa abiria, wanaoshona wakakosa wanunuzi, na ukaingia msimu wa kati ya mwaka ambapo mahindi ya shamba hayajakomaa na akiba imekwisha. Siku moja akaangalia foleni nzima akaona mabeseni yote ni nusu. "Sasa nani amchotee nani?" Hawakutundika vitambaa kwa sababu kila mtu alikuwa ameshajua, na kwa sababu kitambaa ni cha mpita njia, na mtaani kwao gari halipiti.

Mama zangu, maneno hayo ndiyo yaliyonileta hapa. Kuna shida ya mtu mmoja, mguu uliovunjika, mtoto aliyelazwa, mume aliyekimbia. Hiyo dawa yake ni jirani anayejua mapema. Na kuna shida inayotuangusha wote siku moja. Hiyo ujirani hauiwezi, hata tungekuwa na mioyo ya dhahabu, na anayetuambia tuimalize kwa kuchangishana anataka tu kutukwepa. Wakulima wa kahawa mnaijua kutu ya majani. Ilionekana na kuandikwa kwanza mwaka 1861 huku kwetu, pande za Ziwa Victoria. Ikazunguka dunia, na mwaka 2013 ikaishika Guatemala mpaka serikali ikatangaza hali ya dharura. Kutu haichagui shamba la mwanakikundi mmoja.

Kule Guatemala kilichobeba nyumba nyingi ni fedha zinazotumwa na ndugu walioko Marekani. Aprili 2020 zilishuka ghafla, watu wakashika vichwa, kisha zikapanda tena, na mwaka 2023 zilikaribia dola bilioni 20, karibu moja ya tano ya pato la nchi. Vijana wanaondoka, wanaweka rehani shamba la baba kumlipa wa kuwavusha. Akikamatwa na kurudishwa, deni halirudishwi pamoja naye. Nyumba ya ghorofa ukiiona mtaani ujue kuna mtoto huko kaskazini. Na nyumba isiyo na mtu huko, ndiyo inayokwenda mashineni na beseni la nusu. Nchi ile karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, nchi yenye asili ya mahindi. Ujirani ungekuwa unatosha, tusingekuwa na takwimu hiyo.

Nirudi kwenye mfuko wenu. Katibu alinisomea katiba kwenye simu. Kifungu cha mfuko wa jamii kinasema mwanachama mwenye shida aandike barua, balozi wa nyumba kumi aisaini, aambatanishe cheti cha hospitali au cha kifo, na barua isomwe mbele ya kikao. Mmekitunga kwa nia njema, mlikuwa mnaogopa wajanja. Lakini angalieni kinavyofanya kazi. Anayepata ni anayejua kuandika, au asiye na haya. Mwenye haya anasubiri mpaka hali iwe ya kuanikwa, na mnamwanika. Kile ni kitambaa cheupe, tofauti yake ni kwamba chenu kina muhuri.

Napendekeza hivi. Kila nyumba kumi wateuliwe wanawake wawili, wasiwe viongozi wa kikundi, wawe wale wanaofika dukani na mashineni kila siku. Wapewe ruhusa ya kutoa msaada mdogo, kiasi mtakachokubaliana, bila barua na bila jina kusomwa. Wamweleze mweka hazina peke yake, kikao kisomewe jumla tu. Wabadilishwe kila miezi mitatu ili wasizoee. Naona mweka hazina ameshakunja uso. Mama, nakuelewa, wawili hao wanaweza kumpa shoga yao. Watampa, mara moja moja. Mimi napima hasara hiyo na hasara ya yule binti wa beseni ambaye asingeandika barua hata kidogo.

La pili, msigawane mfuko wote leo. Tengeni sehemu ikae benki isiguswe kwa msiba wala kwa ugonjwa wa mtu mmoja, isubiri mwaka wa kutu, mwaka wa tope au mwaka wa bei kuanguka. Haitatosha, nasema mapema. Kazi yake itakuwa nauli na karatasi za kamati itakayokwenda kata na halmashauri kudai kinachotakiwa kutoka huko, na kurudi tena wiki inayofuata, na inayofuata.

La tatu ni dogo. Kwenye mitaa yenu kuna wapangaji, watu waliotoka Singida, Kigoma, Mtwara, ambao hawamo kwenye kikundi chochote. Hao wanawake wawili wawajue kwa majina.

Mwenyekiti, naiweka kama hoja kamili: kifungu cha barua kifutwe kwa msaada ulio chini ya kiwango, na kibaki kwa ulio juu yake. Kama yuko wa kuiunga mkono anyooshe mkono. Na mweka hazina, kwa kuwa wewe ndiye mwenye wasiwasi, ningeomba uanze wewe kuipinga.